Tahadhari: Muuzaji wa Vifaa vya Uokozi Anayewalenga Mabaharia wa Safari za Peke Yao

Natoa tahadhari hii kwa yeyote anayeandaa mashua ya matanga kwa safari ndefu ya kuvuka bahari kuu akiwa peke yake, na hasa kwa wale ambao, kama mimi, hutafuta vifaa vilivyokwisha kutumika ili kupunguza gharama. Yupo muuzaji anayejitambulisha kuwa nahodha mstaafu wa safari za namna hiyo, ambaye huuza kwa pamoja boya la ishara za dharura, lile ambalo mabaharia huliita EPIRB, chelezo cha uokozi kilichofungwa ndani ya kasha lake, na nyaya mpya za kushikilia mlingoti. Nilinunua vyote vitatu kutoka kwake, na hakuna hata kimoja kilichokuwa kama alivyokieleza. Jina alilolitumia silitaji, kwa sababu naamini halikuwa lake na kwamba amekwisha kulibadilisha. Nitaeleza mbinu zake, maana hizo ndizo zitakazomtambulisha popote atakapojitokeza tena.

Mtu huyu si mgeni wa bahari. Anazijua kanuni za vifaa hivi vizuri kuliko wanunuzi wake wengi, na udanganyifu wake wote umejengwa juu ya kanuni ambazo ni za kweli. Nilipomuuliza iwapo ningeweza kulijaribu boya, alinionya kwamba kutuma ishara ya dharura pasipo dharura ni kosa, jambo ambalo ni sahihi kabisa. Alichokificha ni kwamba boya lina sehemu yake ya kujipima, ambayo mwenye chombo anaruhusiwa kuitumia, na kwamba fundi mwenye kifaa cha kupimia anaweza kusoma namba inayotumwa bila kumsumbua mtu yeyote. Vivyo hivyo kuhusu chelezo, aliandika kwamba dhamana ingekufa mara tu kasha litakapofunguliwa na mtu asiye na idhini. Ni kweli kwamba chelezo hakifunguliwi ovyo, lakini kwa sharti hilo alikuwa amehakikisha kwamba siku saba za kurudisha bidhaa zingepita kabla sijaona kilichomo.

Nianze na boya, kwa kuwa ndilo lililonitisha zaidi. Boya la aina hii hutuma ishara kwa masafa ya 406 MHz kwenda kwenye setilaiti za Cospas-Sarsat, mfumo wa kimataifa wa kupokea ishara za dharura, na ndani ya ishara hiyo mna namba ya utambulisho yenye tarakimu na herufi 15, ambayo hubeba pia alama ya nchi. Vituo vya uokozi huitumia namba hiyo kupata jina la chombo, mwenye chombo, na watu wa kupigiwa simu nchi kavu. Nilipolijaribu kwa sehemu yake ya kujipima, taa iliwaka kama inavyotakiwa, nami nikaridhika. Bahati ni kwamba fundi aliyekuja kwa kazi nyingine alilipima kwa kifaa chake, na namba iliyosomeka haikufanana na ile iliyobandikwa ubavuni. Kibandiko kilikuwa cha kughushi. Boya lenyewe lilikuwa bado limesajiliwa kwa mashua nyingine, katika nchi nyingine.

Fikirieni maana yake. Ningelifungulia boya hilo katikati ya bahari, kituo cha uokozi kingempigia mwenye mashua ile, naye angejibu kwamba chombo chake kimefungwa gatini na watu wote wako salama. Ishara yangu ingeweza kuchukuliwa kuwa ya bahati mbaya, na muda ambao ungetumika kunitafuta ungepotea katika kuuliza na kujibiwa. Kuhusu betri, tarehe ya mwisho wa matumizi iliyobandikwa nje ilikuwa na miaka mingi mbele yake, ilhali iliyochapishwa kwenye betri ndani ilikwisha kupita zamani. Taa ya kujipima huhitaji nguvu ya muda mfupi tu, hivyo haithibitishi kwamba boya litaweza kutuma ishara kwa saa 48 linazopaswa kudumu.

Anayesafiri na wenzake huenda akapata mtu mwingine wa kushtuka na kuuliza maswali kabla ya kung'oa nanga. Wa peke yake hana. Tony Bullimore, baharia Mwingereza ambaye mashua yake ilipinduka katika bahari ya kusini wakati wa Vendée Globe, mashindano ya kuizunguka dunia kwa matanga baharia akiwa peke yake, aliokolewa na manowari ya Australia mwezi Januari 1997 baada ya kukaa siku kadhaa ndani ya chombo kilichogeuka juu chini, na msako wake ulianzia kwenye ishara za dharura zilizopokelewa kwa njia ya setilaiti.

Chelezo kilikuja na kadi ya ukaguzi yenye muhuri na sahihi. Niliwaandikia wakaguzi ambao muhuri ulidai kuwa ni wao, wakanijibu kwamba namba ya chelezo hicho haimo katika kumbukumbu zao. Kituo kingine chenye idhini kilipokifungua mbele yangu, mtungi wa kaboni dayoksaidi, gesi inayokijaza chelezo wakati wa dharura, ulipimwa na kuonekana mwepesi kuliko uzito uliogongwa juu yake, maana yake gesi ilikwisha kuvuja. Walipokijaza kwa pampu, gundi ya mishono iliachia upande mmoja kabla hakijakaza, na fataki za ishara zilizokuwamo zilikuwa za kale kiasi kwamba fundi alikataa kuzishika bila glavu.

Kuhusu nyaya nitasema kwa ufupi. Aliziuza kuwa ni za chuma cha pua cha daraja la 316, na akanitumia video ya sumaku isiyoshika ili kuthibitisha. Sumaku haithibitishi chochote hapo, kwa kuwa chuma cha daraja la 304 nacho kwa kawaida hakivutwi nayo ila kidogo. Tofauti kubwa ya 316 ni molibdenamu, kiasi cha asilimia 2 hadi 3, ambayo hukisaidia kustahimili chumvi, na hiyo hupimwa kwa vifaa vya maabara. Ombeni cheti cha kiwanda chenye namba ya fungu la uzalishaji. Mimi sikuomba.

Mtamtambua kwa mambo haya: picha zake ni safi, lakini penye namba ya utambulisho daima pana kidole au kivuli, hujibu haraka kila swali, isipokuwa lile la namba, na ukisitasita hukuambia kwamba nahodha mwingine anasubiri kulipa. Kabla ya kutuma fedha, dai namba ya boya kwa maandishi pamoja na uthibitisho kwamba mmiliki wa awali ameliondoa katika usajili, dai namba ya chelezo, kisha uwasiliane mwenyewe na kituo kilichotajwa kwenye kadi, ukitumia anwani uliyoitafuta wewe na si ile aliyokupa yeye.

Wale ambao tayari wamenunua wasiyatupe maboya hayo kwenye taka, kwa sababu yanaweza kuwaka na kuanzisha msako kwa jina la mtu asiyehusika. Langu limetolewa betri na fundi, na mamlaka iliyolisajili imearifiwa. Chelezo kimekatwa vipande. Nyaya bado ninazo, pamoja na mazungumzo yetu yote ya maandishi, kwa mwathirika yeyote anayetaka kulinganisha kabla ya kupeleka malalamiko yake polisi.