Tahadhari kwa wanafunzi wa sheria: "wakala" anayeuza nafasi za muhula mmoja Uingereza

Ndugu zangu mnaosoma sheria, hasa mlio mwaka wa pili na wa tatu, someni hili kabla hamjatuma hata shilingi moja. Kuna mtu anajitambulisha kuwa wakala wa vyuo vikuu vya Uingereza. Anasema anawatafutia wanafunzi wa LLB, yaani shahada ya kwanza ya sheria, nafasi ya kukaa huko muhula mmoja kama wanafunzi wageni, kisha warudi kumalizia shahada nyumbani. Nafasi anazouza hazipo. Amechukua shilingi 2,850,000 zangu, na tangu nianze kuulizia nimewapata wenzangu wawili wa vyuo vingine waliopitia mikononi mwake. Mmoja wao ameshaahirisha mwaka.

Jina analotumia na namba zake sitaviandika. Shauri liko polisi, halafu laini anabadilisha kila mara, kwa hiyo namba nitakayowapa leo kesho haipatikani. Nitawaeleza anavyofanya kazi, kwa sababu njia yake haibadiliki.

Mimi nilimpata kwenye kundi la WhatsApp ambalo rafiki yangu aliniunga wakati wa likizo. Tangazo lilikuwa na picha ya jengo la chuo cha kweli kabisa, nembo yake, na maneno kwamba muhula wa Januari umebakiza nafasi 12 kwa Afrika Mashariki. Nikavutika. Tangu mwaka wa kwanza tunafundishwa kwamba sheria ya Uingereza iliingia kwetu kwa tarehe ya mapokezi, yaani siku ilipoanza kutumika hapa, 22 Julai 1920, na tangu huo mwaka wangu wa kwanza nasoma hukumu za majaji wa London nikiwa nimekaa kwenye benchi la maktaba Dar es Salaam. Kesi ya Donoghue na konokono wake ndani ya chupa, 1932, naweza kuisimulia nikiwa usingizini. Nilitaka kukaa miezi mitano mahali zilikotoka hukumu hizi, nisikilize zinavyofundishwa kule, nirudi. Yule mtu aliijua hamu hiyo vizuri kuliko nilivyodhani. Katika simu ya kwanza tu aliniita "wakili msomi".

Alianza na kidogo. Shilingi 350,000, "ada ya fomu". Nilikuwa nimeiweka kutoka kwenye boom, pesa za kujikimu za mkopo, la muhula uliopita, nikatuma. Siku nne baadaye ikaja barua ya kukubaliwa, na pamoja nayo ombi la shilingi 1,200,000 za kushikilia nafasi. Nikamwambia sina. Akaomba namba ya mama.

Hapa ndipo panaponiuma mpaka leo. Alimpigia mama yangu Morogoro, akamwamkia shikamoo, akazungumza naye kwa adabu karibu nusu saa. Akamwambia, "Mama, binti huyu ni hazina yako, usimwangushe kwa milioni moja." Mama akaenda kukopa kwenye kikoba chao. Kila Jumamosi anarejesha mpaka sasa, na hajanisemesha neno baya hata moja.

Malipo ya tatu yalikuwa "ada ya afya ya Uingereza", pauni 388, kwa hesabu yake karibu milioni 1.3. Hii aliilipa kaka yangu. Kisha likaja ombi la nne, 900,000 za "kuharakisha CAS", yaani uthibitisho wa chuo kwa ajili ya viza, na hapo nikakosa wa kumwendea. Nikaenda kwa mwalimu wangu kuomba ushauri wa mkopo. Nashukuru Mungu kwamba pesa ziliniishia.

"Shikamoo Dokta."

"Marahaba. Kaa. Hiyo barua iko wapi?"

Aliisoma mara moja, akaiweka mezani. "Mwanangu, nani amekuruhusu kuondoka? Mkuu wa Shule ya Sheria hapa chuoni hajasaini chochote juu yako. Sasa hiki chuo kimekukubalije bila sisi kujua?"

Nikamjibu kwamba wakala alisema hayo tutayamaliza nikisharudi, kwamba vyuo vyetu vina urasimu na barua ya Mkuu ingenichelewesha. Alinyamaza kidogo, kisha akasema hajawahi kuona mwanafunzi mgeni aliyepokelewa popote bila chuo chake kumwombea au kumruhusu kwa maandishi. Naomba maneno haya myashike, kwa sababu mengine yote yanaanzia hapo. Mwanafunzi mgeni hahami chuo. Shahada yake inabaki kutolewa na chuo chake cha nyumbani, na kule anakokwenda anasoma masomo kadhaa, anapewa transkripti, basi. Masomo hayo yatahesabiwa tu kama idara yako ilikubali kabla hujapanda ndege kwamba somo fulani la kule linasimama badala ya somo fulani la hapa. Bila makubaliano hayo unaweza kusoma muhula mzima kwa bidii, ukarudi, ukaambiwa uurudie wote. Kwa hiyo mtu anayekwambia uiruke ofisi ya Mkuu wako, hata kama angekuwa na nafasi ya kweli mkononi, anakupeleka kwenye hasara.

Jioni ile Dokta alinionyesha mengine kwenye karatasi zangu mwenyewe. Naona aibu kwamba sikuyaona, lakini nayaandika ili wewe uyaone.

Barua ilisema muhula unaanza tarehe za katikati ya Novemba. Vyuo vya Uingereza hufungua mwaka Septemba au mwanzoni mwa Oktoba, na muhula wa pili huanza Januari. Katikati ya Novemba watu wako katikati ya masomo. Tarehe hiyo iliwekwa ili ioane na ratiba ya vyuo vyetu, tusishtuke. Na tangazo lenyewe, kumbukeni, lilikuwa limesema Januari.

Kisha ile ada ya afya. Ipo kweli, na kwa wanafunzi ni pauni 776 kwa mwaka, ndiyo maana alichukua nusu yake na hesabu ikaonekana ya kitaalamu. Lakini ukiomba viza ukiwa nje ya Uingereza, na viza yenyewe haizidi miezi 6, ada hiyo haidaiwi kabisa. Muhula wangu ulikuwa miezi mitano. Na anayedaiwa hulipa mwenyewe, ndani ya ombi lake la viza kwenye tovuti ya serikali ya Uingereza. Hakuna serikali inayokusanya ada ya afya kwa namba ya simu ya mtu binafsi iliyosajiliwa kwa jina ambalo hata si la huyo wakala. Hilo la jina niliuliza, akasema ni mhasibu wake. Nikakubali.

CAS nayo aliniletea kama cheti, kina muhuri wa dhahabu na sahihi mbili. CAS si cheti. Ni namba ya kumbukumbu ambayo chuo kinaitoa kwenye mfumo wa uhamiaji wa Uingereza, na inahitajika kwa anayeomba viza ya mwanafunzi. Anayekwenda kusoma kwa muda usiozidi miezi 6 kwenye chuo kinachotambuliwa anaweza kuingia kwa viza ya kawaida ya mgeni, ambayo haihitaji CAS, ila hairuhusu kufanya kazi. Yeye aliniambia naenda kwa viza ya mgeni, akataka kuniuzia CAS, halafu akaniahidi kazi ya saa 20 kwa wiki ili nirudishe deni la mama. Saa 20 ni ruhusa ya wenye viza ya mwanafunzi wa shahada. Alikuwa ameokota vipande kutoka njia mbili tofauti akavishona pamoja, na mimi sikuwa nimesoma yoyote kati ya hizo mbili.

Tena hakuniomba taarifa ya benki hata siku moja. Anayeomba viza ya Uingereza huulizwa atajikimu vipi. Yeye hakujali nitakula nini London, alijali nitatuma lini.

Jambo moja lilitupoteza wengi, na nalisisitiza. Sote watatu tulihakiki chuo. Mimi mwenyewe niliingia kwenye orodha ya vyuo vilivyoidhinishwa kudhamini wanafunzi wa kigeni, ile inayotolewa na serikali ya Uingereza na ambayo kila mtu anaweza kuifungua, nikakikuta chuo changu, nikalala usingizi mzuri. Chuo ni cha kweli. Barua ndiyo ya uongo. Nilichopaswa kuhakiki ni barua, na barua haihakikiwi kwa anwani ya barua pepe iliyoandikwa juu yake. Ile ya kwangu ilikuwa na jina la chuo, kistari, neno edu, halafu mwisho wa kibiashara ambao mtu yeyote anaununua kwa dola chache. Vyuo vikuu vya kule hutumia anwani zinazoishia .ac.uk, kama vya kwetu zinavyoishia .ac.tz, na mwisho huo hauuzwi kwa kila mtu. Dokta alifungua tovuti ya chuo chenyewe, akachukua anwani ya ofisi ya wanafunzi wa kimataifa, tukaandika pamoja. Jibu lilikuja baada ya siku mbili, la mistari minne: namba hiyo ya maombi haipo kwao, na hawana wakala wa wanafunzi wageni wa sheria Tanzania. Mistari minne, bure. Mimi nilikuwa nimelipa milioni mbili na laki nane na nusu ili nisiwaandikie.

Kwa wale wenye nia ya kweli, na najua mko wengi, nia hiyo isife kwa ajili ya tapeli. Anzia kwenye ofisi ya kitivo au shule yako, uliza mratibu wa ushirikiano na vyuo vya nje. Kuna mambo mawili tofauti yanayochanganywa. Moja ni kubadilishana wanafunzi: chuo chako na cha kule wana mkataba, chuo chako ndicho kinakupendekeza, na kwa kawaida unaendelea kulipa ada ya nyumbani tu, huku nauli, malazi na chakula vikiwa juu yako au juu ya mfadhili. La pili ni kwenda kwa kujitegemea, ambapo unaomba mwenyewe na kulipa ada ya kule kama mwanafunzi wa kimataifa, na ada hiyo si ndogo hata kwa muhula mmoja. Katika njia zote mbili utaombwa transkripti kutoka chuo chako, barua ya mwalimu anayekufahamu, maelezo ya kwa nini unataka masomo hayo, na mara nyingi uthibitisho wa Kiingereza. Utachagua masomo kwa majina, na mzigo wa kawaida kule ni krediti 60 kwa muhula. Tapeli wangu hakuniuliza hata siku moja nataka kusoma somo gani. Mtu anayekupeleka kusoma sheria bila kukuuliza sheria ipi!

Mnaopata mkopo wa Bodi ya Mikopo, msikubali kuahirisha mwaka kwa sababu ya barua yoyote mliyoletewa na wakala. Mwenzetu niliyemtaja juu alishauriwa na mtu huyu "aahirishe haraka ili viza isikwame". Akaahirisha. Leo yuko kwao Iringa, nafasi ya Uingereza haipo, boom halipo, na darasa lake limemtangulia. Hilo limeniumiza kuliko pesa zangu.

Na mlioshalipa, msione haya. Najua wanasheria watarajiwa tunaona haya zaidi, tunajiambia sisi ndio tuliosoma kesi ya udanganyifu ya Derry na Peek ya 1889 mpaka tukaijua kwa moyo, tukajibu mtihani kuhusu nani ni mdanganyifu na nani amekosea tu. Haya hizo ndizo anazozitegemea ili tukae kimya. Nendeni kituo cha polisi kilicho karibu, fungueni RB, yaani namba ya taarifa yenu polisi, mkiwa mmechapisha jumbe za miamala zenye tarehe, kiasi na jina lililotokea mlipotuma. Kujipatia fedha kwa njia ya udanganyifu ni jinai chini ya Kanuni ya Adhabu, na Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 nayo inamhusu. Pigeni simu kwa mtandao wenu wa simu siku hiyohiyo, kwa sababu pesa ambayo haijatolewa inaweza kuzuiwa. Mimi nilisubiri wiki tatu. Namba yake ipelekeni TCRA, Mamlaka ya Mawasiliano, kupitia 15040. Msifute mazungumzo ya WhatsApp hata kama kuyaona kunawauma, na msimwambie mmeshajua, maana wangu aliponishtukia alifuta kila kitu upande wake ndani ya dakika chache. Sauti zake nilikuwa nimeshazihifadhi.

Mpelelezi ameniambia malalamiko matatu yenye njia moja yana uzito kuliko langu peke yake. Kama umewahi kuitwa "wakili msomi" na mtu anayekuuzia muhula wa Januari, na barua yako inasema Novemba, nenda ukafungue jalada wiki hii.