Upinde wa kutengeneza mwenyewe Tabora: ununue mti gani?

Ukiwa unataka upinde wa kulengea shabaha, usianze kwa kuuliza jina la mti. Tazama nyuzi zake, yaani mistari inayopita ndani ya mti. Upinde ukivutwa, mgongo, yaani upande unaoelekea shabaha, hutanuka huku tumbo likibanwa. Penye nyuzi zilizokatika mgongoni ndipo ufa unapoanzia.

Kwangu mimi mkole ni namba moja. Ni mgumu lakini unakubali kupinda, na tangu zamani umechongwa pinde na mipini. Tafuta fimbo yenye urefu wako mwenyewe, nene kama kifundo cha mkono, isiyo na macho, yaani vifundo vya matawi. Muulize muuzaji kama ana kibali cha kuvuna. Bandua gamba taratibu, usiuguse mti ulio chini yake, kwa sababu huo ndio mgongo wako. Paka nta ya nyuki kwenye ncha zote mbili (Tabora ni kwa asali, nta haikosekani), kisha uanike kivulini miezi kadhaa. Wakati wa kuchonga nenda polepole: unene ukiwa mara mbili, ugumu huwa mara nane, lakini upana ukiwa mara mbili, ugumu huwa mara mbili tu. Kwa hiyo msasa mchache tu unabadilisha upinde mzima.

Mwanzi uliokomaa na kukauka ni wa pili. Ganda lake la nje lina nguvu sana ya kuhimili mvuto, basi liache lilivyo na uchonge upande wa ndani.

Mninga nauweka wa tatu, ingawa ndio ulio rahisi kuupata kwa maseremala. Niliwahi kununua ubao mzuri wa mninga, nikauchonga wiki nzima, ukavunjika hata sijafikisha ugwe, yaani kamba ya upinde, kidevuni. Nilipoushika vipande viwili mkononi nikaona mistari imekatiza ubao mshazari. Siku hizi nausimamisha ubao juani na kufuata mstari mmoja kwa kidole toka ncha hadi ncha; ukitokea ubavuni, naurudisha.

Bomba la plastiki la maji ni la mwisho. Linalainika kwa moto haraka, ila moshi wake ni sumu, na jua hulidhoofisha hadi likapasuka vipande vyenye ncha kali karibu na uso.

Kuhusu ugwe, nailoni ya wavuvi hurefuka, mshale ukakosa kasi. Nunua uzi wa poliesta, usokote nyuzi kadhaa pamoja, upake nta ileile.