Nililipia mazoezi ya usaili wa viza ya mwekezaji, kilichonifaa ni mzee wa karatasi

Nyota tatu. Mzee mmoja pale anastahili tano, wenzake wote wagawane moja, na wastani ndio huo.

Huduma yenyewe ni ya kuwaandaa watu kwa usaili wa EB-5, viza ya Marekani ya uhamiaji kwa wawekezaji. Kwa asiyeijua: unaweka dola 1,050,000, au 800,000 mradi ukiwa vijijini au penye ukosefu mkubwa wa ajira, na fedha hizo lazima zizae ajira 10 za muda wote. Mimi niliweka 800,000 kwenye nyumba za kupangisha vijijini. I-526E yangu, yaani ombi la mwekezaji lenye ushahidi wa fedha, ilikuwa imekubaliwa, faili limepita NVC, kituo cha Marekani kinachoandaa mafaili ya viza, DS-260, fomu za maombi ya viza, zimetumwa, na ada ya viza tumelipa dola 345 kwa kila kichwa, vichwa vinne. Kilichobaki ni dirisha la ubalozi mdogo. Hawa jamaa walinitoza karibu sawa na ada hizo zote nne kwa pamoja, kwa hiyo msinishangae nikihesabu.

Nianze na mazoezi, maana ndiyo wanayoyatangaza. Vikao vitatu vya video na kijana mchangamfu, tai imenyooka, ananiita bosi. Alikuwa na maswali 60 na majibu yake yameshaandikwa. Nikiulizwa kwa nini Marekani, niseme "nimevutiwa na mazingira wezeshi ya uwekezaji." Nimeuza spea za magari miaka 22, sijawahi kutamka maneno hayo. Hilo ningelisamehe. Lakini kikao cha pili akaniambia nisitaje mkopo. "Bosi, neno mkopo linawashtua."

Fedha zangu sehemu ni mauzo ya ghala, na sehemu ni mkopo wa benki niliouchukua kwa kuweka nyumba rehani. Yote yamo kwenye I-526E, ukurasa kwa ukurasa, na sheria inaruhusu mkopo uliodhaminiwa na mali ya mwekezaji mwenyewe. Sasa nifike dirishani, nimeapa, nisimulie hadithi nyingine? Nilimweleza wakili wangu. Akacheka, kisha akaacha kucheka.

Mzee ni wa ukaguzi wa nyaraka, kipengele ambacho kwenye tangazo lao kimepewa mstari mmoja. Nilidhani nusu saa ingetosha. Tulikaa saa tatu. "Mama, weka simu mbali, chukua kalamu." Hakuniuliza swali la usaili hata moja. Tuliweka DS-260 kulia na I-526E kushoto, tukazisoma tarehe kwa tarehe. Duka langu lilifungwa Machi kwenye fomu moja, Juni kwenye nyingine. Akauliza, "Lilifungwa lini?" Nikamwambia mlango niliufunga Machi, leseni nikairudisha Juni. "Basi hilo ndilo jibu lako. Liandike." Jina la binti yangu lina "h" kwenye cheti cha kuzaliwa, kwenye pasipoti haipo, akanituma kwa wakili nikale kiapo cha majina hayo mawili. Mwisho akanichoresha njia ya hela kwenye karatasi moja: mnunuzi wa ghala, benki yangu, akaunti ya mradi, na kila kiasi kina namba ya ukurasa wa ushahidi. "Ukiulizwa hela imetoka wapi, kidole kitangulie, mdomo ufuate."

Siku yenyewe: alama za vidole, mkono wa kulia juu, kiapo. Afisa aliuliza nilikuwa nafanya kazi gani, fedha nimepata wapi. Nikasema ghala na mkopo, kidole kikatangulia. Hakushtuka mtu. Aliuliza tu nyumba iliyowekwa rehani ni ya nani. Yangu. Akafunua ukurasa. Akauliza kama mradi umeniahidi kunirudishia fedha. Nikajibu hapana, zinaweza kupotea, nami nalijua hilo. Fedha ambayo haiko hatarini kwenye EB-5 haihesabiki. Kati ya yale maswali 60 nilisikia matatu, na hakuna hata moja nililolijibu kama nilivyofundishwa.

Kisha ikafika zamu ya mume wangu. Ulisoma wapi? Pune, India, miaka mitatu. Afisa akatazama skrini, akamtazama yeye, akarudi kwenye skrini. Pune haimo. DS-260 inataka kila mahali ulipoishi tangu umri wa miaka 16, na mwenzangu alikuwa ameamua peke yake kwamba hosteli si anwani. Fomu ilirekebishwa palepale, lakini ukiishi nchi nyingine mwaka mzima au zaidi unadaiwa cheti cha polisi cha huko. Mimi na watoto tukakubaliwa. Yeye akapewa karatasi ya 221(g), yaani viza imezuiwa kwanza mpaka alete kinachokosekana, asubiri.

Mzee angelikamata kosa hilo kabla hajamaliza chai. Hakuonyeshwa fomu ya mume wangu. Kifurushi nilichouziwa ni cha mwombaji mkuu peke yake. Mwenza aliulizwa jina, tarehe ya kuzaliwa na namba ya pasipoti, basi. Nilipolalamika nikaelekezwa kifungu cha 4 cha mkataba. Kipo kweli, herufi kama sisimizi.

Cheti kilichukua wiki saba. Viza zetu hazikuwa zinamsubiri: zilikuwa na miezi sita tu. Tiketi tumebadilisha mara mbili.

Ukiwaendea, kataa vikao vya video, waambie pesa yote iende kwenye ukaguzi wa nyaraka, na kila anayeingia pale dirishani, hata mtoto, fomu yake ipite mezani kwa mzee.

Green card zetu ni za masharti, za miaka miwili. Ndani ya siku 90 za mwisho lazima tuwasilishe I-829, ombi la kuondolewa masharti hayo. Jamaa wameshanitumia ofa ya punguzo kwa kazi hiyo. Nimewajibu kwa swali moja: mzee bado yupo?