LibriVox kwa Anayeanza Kusikiliza Vitabu: Chagua Msomaji Kabla ya Kitabu

Msikilizaji wa Kiswahili hahitaji kufundishwa kusikiliza. Michezo ya redio, mawaidha ya kwenye kaseti na tenzi zilizotungwa ili zighaniwe mbele ya watu vimekwisha kulizoeza sikio lake. Kinachomkwaza anapotaka kuingia katika vitabu vya sauti ni gharama ya kuanza, na pia kutojua kwamba kitabu kizuri kikisomwa na mtu asiyemfaa humchosha kabla sura ya kwanza haijaisha. Kwa sababu hizo mbili, huduma ninayoona inastahili kujaribiwa kabla ya nyingine zote ni LibriVox, ingawa ina kasoro ambazo nitazieleza bila kuzipunguza.

LibriVox ilianzishwa mwaka 2005 na Hugh McGuire, mkazi wa Montreal nchini Kanada, kwa wazo la kwamba watu wa kujitolea wajirekodi wakisoma vitabu ambavyo hakimiliki yake imekwisha, kisha rekodi zenyewe nazo ziachwe huru kwa yeyote anayezitaka. Leo orodha yake imepita rekodi 20,000, na mafaili yake yamehifadhiwa katika maktaba ya mtandaoni ya Internet Archive. Tovuti haidai usajili, haina matangazo, wala haiulizi namba ya kadi ya benki. Ukilinganisha na Audible, kampuni ya vitabu vya sauti iliyonunuliwa na Amazon mwaka 2008, ambayo mpango wake uliozoeleka Marekani hutoza dola 14.95 kwa mwezi kwa haki ya kuchagua kitabu kimoja, tofauti ni kubwa mno kwa mtu ambaye bado hajui kama atavumilia kusikiliza sauti moja kwa saa kumi. Audible ina vitabu vipya na wasomaji wanaolipwa, na ubora huo unasikika. Lakini mtu anayejaribu tu hana sababu ya kuanza kwa kulipa kila mwezi.

Bure, hata hivyo, si bure kabisa kwa anayenunua bando. Tovuti hutoa sura za kitabu katika mafaili ya MP3 ya kilobiti 64 kwa sekunde (kipimo cha wingi wa data za sauti), na mafaili ya kilobiti 128 hupatikana katika ukurasa wa kitabu hichohicho kule Internet Archive. Kiwango cha kwanza hutumia takriban megabaiti 29 kwa saa moja ya usomaji, na cha pili hutumia mara mbili yake. Kwa hiyo kitabu cha saa kumi huchukua karibu megabaiti 290 au 580, kutegemea ulichochagua. Kwa sauti ya mtu mmoja anayesoma bila muziki, kiwango cha chini kinatosha, na sioni sababu ya anayeanza kubeba mzigo wa kile cha juu. Ni busara zaidi kupakua kitabu kizima mahali penye Wi-Fi kuliko kukisikiliza moja kwa moja kutoka mtandaoni ndani ya daladala, ambako mtandao hukatika na kurudi wakati hadithi imefika pazuri.

Kwa kuwa mafaili ni MP3 za kawaida, hakuna simu inayoachwa nje. Hata simu ya kitochi yenye nafasi ya memori kadi itayacheza, na huo ni ubora ambao huduma za kulipia, zilizofungwa ndani ya programu zao, haziwezi kuudai. Tatizo la kitochi ni kwamba mara nyingi hakikumbuki mahali ulipoishia, na kutafuta dakika ya ishirini na tatu ya sura ya tisa kwa kubonyeza kitufe ni adhabu. Mwenye simu janja na aweke programu ya kucheza vitabu vya sauti inayohifadhi mahali aliposimama, inayorudi nyuma sekunde thelathini kwa mguso mmoja na inayojizima baada ya muda uliopangwa, maana wengi husikiliza wakiwa kitandani na usingizi huwatangulia. Zipo pia programu zenye jina la LibriVox katika maduka ya programu. Nyingi zimetengenezwa na watu wengine, baadhi zina matangazo na hudai malipo ili kuyaondoa, kwa hiyo asidhani kwamba mradi wenyewe umeanza kutoza.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo, kwa maoni yangu, ndilo linaloamua kama mtu ataendelea au ataacha, nalo ni sauti. LibriVox hupokea kila anayetaka kusoma. Mgeni hutuma jaribio fupi la dakika moja ili ikaguliwe kama kinasa sauti chake kinafaa, na baada ya hapo hakuna anayemhukumu kwa namna yake ya kusoma. Wapo wasikilizaji wakaguzi wanaohakikisha kwamba hakuna maneno yaliyorukwa wala sentensi iliyorudiwa, lakini mtindo wa msomaji ni wake mwenyewe. Sera hiyo ina utu ndani yake, na ndiyo iliyowezesha orodha kukua kiasi hiki. Lakini matokeo yake ni kwamba kitabu kimoja kinasomwa na mtu mwenye ufundi wa mwigizaji, na cha pembeni yake kinasomwa na mtu anayeonekana kuharakisha ili akapike. Kuna rekodi ambamo unasikia mwangwi wa chumba kitupu. Kuna lafudhi za Marekani, Uingereza, India na kwingineko, na kwa aliyejifunza Kiingereza darasani Morogoro au Eldoret, baadhi zitamwingia upesi na nyingine zitamtoa jasho. Jambo moja nalisifu bila masharti: wasomaji ni binadamu. Katika YouTube siku hizi unaweza kufungua riwaya ukakuta mashine inaisoma kuanzia mwanzo hadi mwisho bila kupumua, jambo ambalo LibriVox hailiruhusu.

Vitabu maarufu vingi vimesomwa zaidi ya mara moja, na hapo ndipo anayeanza ana uhuru wa kuchagua. Katika sehemu ya utafutaji wa kina anaweza kutenganisha vitabu vilivyosomwa na mtu mmoja na vile vilivyosomwa na kundi. Ningemshauri abaki kwa msomaji mmoja mwanzoni, kwa sababu katika usomaji wa kundi sauti hubadilika kutoka sura hadi sura, na mhusika aliyekuwa mzee mwenye sauti nzito jana anaweza kuamka leo akiwa na sauti ya binti. Asikilize dakika mbili za sura ya kwanza na dakika mbili za sura ya katikati, ambako msomaji amekwisha kuchoka na tabia yake halisi imejitokeza. Asiporidhika, aache bila kujuta na ajaribu usomaji mwingine wa kitabu hichohicho.

Kuhusu kitabu cha kuanzia, visa vya mpelelezi Sherlock Holmes katika mkusanyiko wa mwaka 1892 vinafaa sana, kwa kuwa ni hadithi 12 zinazojitegemea, na mtu anaweza kumaliza moja kati ya nyumbani na kazini bila kulazimika kukumbuka jana aliishia wapi. Hekaya za Esopo ni fupi zaidi, ingawa ufupi wake unaudhi kwa namna nyingine, maana kila faili hufunguliwa kwa tangazo la kwamba hii ni rekodi ya LibriVox. Kinachonifurahisha zaidi ni ngano za Zanzibar zilizochapishwa kwa Kiingereza na George W. Bateman huko Chicago mwaka 1901. Humo yumo kima aliyemlaghai papa kwamba moyo wake ameuacha nyumbani, na yumo punda wa dobi. Msikilizaji anayezijua ngano hizi tangu utotoni hatapotea hata neno gumu likimpita, na hiyo ni njia nzuri ya kulizoeza sikio Kiingereza cha kitabuni.

Udhaifu mkubwa wa huduma hii ni kwamba imefungwa katika zama zilizopita. Hufuata sheria ya hakimiliki ya Marekani, ambayo kwa vitabu vya zamani huhesabu miaka 95 tangu kuchapishwa, na humtaka msikilizaji wa nchi nyingine aangalie sheria ya kwao. Anayetaka riwaya ya juzi, au kitabu cha biashara kinachozungumzwa ofisini, hatakipata hapa na asipoteze muda kukitafuta. Udhaifu wa pili unatuhusu sisi: Kiingereza kimetawala orodha yote, Kijerumani, Kifaransa na Kihispania vina sehemu zao, na Kiswahili hakina nafasi ya kutajika.

Pengo hilo halitokani na kizuizi cha LibriVox, ambayo hupokea lugha yoyote mradi apatikane mkaguzi anayeielewa. Matini pia zipo. Kisa cha punda wa dobi kilichapishwa kwa Kiswahili chenyewe na mmisionari Edward Steere huko London mwaka 1870, Kiswahili ukurasa mmoja na Kiingereza ukurasa wa pili, na hakimiliki yake imekwisha zamani. Anayetaka kukisomea LibriVox anahitaji chumba kimya, kinasa sauti cha wastani, programu ya bure ya kurekodi iitwayo Audacity, na kuihifadhi rekodi katika faili la MP3 la kilobiti 128.