Nilinunua seti ya kukereza kalamu, nikaambiwa nimwite mume wangu

Sikupanga kuandika. Hasira hii ninayo tangu kabla ya mvua, nikadhani itapoa yenyewe. Juzi nimefungua droo nikauona ule ufito, moto ukawaka upya.

Kwa msiojua mambo haya: ukitaka kukereza kalamu ya mti, unatoboa kipande cha mbao katikati, unagundisha mrija mwembamba wa shaba ndani yake, halafu unakivalisha kwenye ufito wa chuma unaoitwa mandreli, huku kimebanwa na bushi, yaani vipete vya chuma, kila upande. Mashine inazunguka, wewe unaila mbao kwa bobari mpaka ilingane na bushi. Bushi ndiyo inayokuambia simama hapa. Sasa ufito ukipinda hata kwa unene wa unywele, bushi yenyewe inakudanganya.

Wangu ulipinda.

Mashine ninayo, ndogo ya mezani, mtumba. Seti niliinunua Kariakoo, kwenye duka ambalo jina lake nalihifadhi. Laki na ushee ikanitoka: mandreli, bushi, biti ya milimita 7 na vyuma vya kalamu kumi, zile nyembamba za kuzungusha. Mbao sikununua. Wachongaji wa Mwenge waliniuzia mabaki ya mpingo kwa bei ya soda mbili.

Najua, mpingo si mti wa kujifunzia, msinianze. Ni mgumu, mzito hata ukiutupa majini unazama, na ukitoboa kwa pupa unapata joto ukapasuka. Vipande viwili vya kwanza vilipasuka hivyo. Nilisukuma biti moja kwa moja badala ya kuitoa mara kwa mara imwage unga. Cha tatu mrija uliachia, maana mpingo una mafuta na sikuufuta kwa spiriti kabla ya kutia gundi. Yote hayo makosa yangu, nakubali. Kwa hiyo cha nne kilipoharibika sikumtafuta mchawi, nilijua ni mimi. Na cha tano. Hapo ndipo panaponiuma. Wiki nzima nilijiona sifai, mtu mzima ninayefundisha watoto hesabu za duara, kalamu ya duara imenishinda.

Maana kwa macho ilikuwa nzuri kweli. Nyeusi tii, nimepiga msasa mpaka ule laini wa mwisho, inang'aa bila hata vanishi. Lakini pitisha ukucha pale mbao inapokutana na ncha ya chuma: upande huu ukucha unakwama kwenye mbao, igeuze, upande wa pili unakwama kwenye chuma. Nikaikata kwa msumeno kwa hasira. Upande mmoja mbao nene, upande wa pili nyembamba kama ganda la kitunguu, shaba inakaribia kuchungulia.

Usiku huo nikauviringisha ufito juu ya kioo cha meza, tochi ya simu nyuma yake. Mwanga ukawa unapita chini yake, unapotea, unapita, unapotea. Unacheza ngoma.

Kesho yake nikaenda dukani. Kijana aliyeniuzia yupo, anakula mahindi. Nikamsalimia, nikamweleza, nikautoa ufito. Hakuushika. Akanitazama, akasema: "Mama, hii mashine ni ya mzee? Mwambie mzee aje mwenyewe, tutaelewana naye."

Nikamwambia mashine ni yangu.

"Basi umekaza nati kupita kiasi, mama. Hizi si chupa za chai."

Watu wakacheka. Mimi si mtu wa kugombana dukani, lakini siku ile nilisema leteni mandreli nyingine zote mlizo nazo. Zilikuwepo tatu, bado zina mafuta ya kiwandani. Nikaziviringisha juu ya kioo cha kaunta yake mwenyewe, mbele ya waliocheka. Ya kwanza ikacheza. Ya pili ikacheza. Ya tatu ikatulia, tuli. Nikasema naichukua hii. Akasema hiyo ni ya bei nyingine.

Bei nyingine! Boksi moja, karatasi moja, bei imepanda kwa sababu imenyooka!

Nikaondoka. Msiende pale. Nyota moja, na hiyo moja ni ya biti, kwa sababu haki ni haki: biti ile inatoboa mpingo mpaka leo na bado ina makali. Na vyuma vya kalamu havina shida, havijapauka. Sawa, nyota mbili.

Kuna jambo sikutaka kuliandika, ila nitaliandika. Nilipeleka ufito kwa fundi mmoja wa Gerezani anayekereza vyuma, nione kama utanyooshwa. Yeye hakuniuliza habari za mzee. Aliuliza, "Mwalimu, mashine yako inashika koni namba ngapi?" Nikamwambia namba 2, ndiyo ukubwa wa tundu la mashine linaloshika vifaa. Akaugeuza ufito kwenye mwanga, akasema chuma chembamba hivi hata kikiwa kizima, ukikaza nati sana kinapinda katikati, na ukikisukuma sana kwa kichwa cha nyuma cha mashine kinapinda vilevile. Nikakumbuka jinsi nilivyokuwa nakaza kwa spana. Kwa spana! Nati ile ni ya vidole.

Kwa hiyo yule kijana huenda alisema kweli. Huenda. Zile mbili za mafuta nani alizikaza?

Fundi akanikerezea koni mbili za chuma. Kipande kinabanwa katikati yake pamoja na bushi zake, ufito haupo kabisa. Kalamu ya kwanza kutoka hapo nilipitisha ukucha pande zote, ukateleza kama juu ya kioo. Nilikaa jikoni naishika tu. Kama unaanza, anza hivyo, mandreli waachie wenyewe.

Tatizo ni kwamba vyuma vya kalamu vimeisha, na sijapata duka lingine lenye aina ile. Kwa wiki tatu nikakataa kukanyaga pale. Mwishowe nimemtuma mume wangu, nikamwandikia kwenye karatasi, namba kubwa, nikapiga na mstari chini: milimita 7.

Mzee kaenda mwenyewe, wameelewana vizuri sana, kapewa na soda. Amerudi na kumi za milimita 8.