Ununue ruta ipi? Nimezipanga kwa swali moja: nani ana ufunguo wake?

Boksi la ruta hukueleza kasi, idadi ya antena na vyumba vingapi mawimbi yatafika. Ni mambo ya kujua, lakini yote yanahusu siku ya kwanza. Mimi ninapochagua ruta naanza na siku ile ambayo aliyeitengeneza ataichoka, aache kutoa masasisho, na kifaa bado kinafanya kazi vizuri. Siku hiyo ufunguo, yaani uwezo wa kuibadilisha na kuisasisha programu yake, utabaki kwa nani?

Kabla ya orodha, kuna jambo wauzaji hulichanganya. Wi-Fi hufuata kiwango cha IEEE 802.11, kilichotoka kwa mara ya kwanza mwaka 1997. Kampuni yoyote inaweza kutengeneza kifaa kinachokifuata, ndiyo maana simu ya huyu huelewana na ruta ya yule. Hata hivyo, kiwango kuwa wazi hakukifanyi kiwe cha bure. Ndani yake kuna hataza (haki za wavumbuzi juu ya uvumbuzi wao) nyingi mno, na kwa kawaida wenye nazo huahidi kuwapa wengine leseni kwa masharti ya haki yasiyobagua. Wasipoelewana, wanakutana mahakamani. CSIRO, shirika la utafiti la serikali ya Australia, liliing'ang'ania hataza yake ya mawimbi mpaka mwaka 2009 kampuni 14 zikakubali kulilipa. Na jina lenyewe “Wi-Fi” ni alama ya biashara ya Wi-Fi Alliance. Gharama za aina hii zimeshaingia kwenye bei ya ruta, iwe ghali au rahisi, na mnunuzi hana pa kuzikwepea.

Mnunuzi ana uchaguzi kwenye hakimiliki ya programu inayoiendesha ruta. Humo ruta hutofautiana kama usiku na mchana, na ndimo nilimopatia mpangilio huu.

1. Zinazotoka kiwandani zikiwa wazi

Mwaka 2003 watu wadadisi waligundua kwamba ruta ya Linksys WRT54G ilikuwa inaendeshwa na Linux, mfumo endeshi huria, yaani ambao yeyote anaweza kuusoma na kuurekebisha. Leseni ya Linux, yaani GPL, inamtaka anayesambaza programu hiyo awape watu na msimbo wake, yaani maandishi ya programu yenyewe. Msimbo ukatolewa, na mwaka 2004 mradi wa OpenWrt ukaanzia hapo. Leo mradi huo una programu ya ruta ambayo yeyote anaweza kuisoma, kuirekebisha na kuisasisha bila kumwomba mtengenezaji ruhusa.

Mwaka 2024 mradi wenyewe, ukishirikiana na Software Freedom Conservancy, shirika la kutetea programu huria, ulitoa ruta yake, OpenWrt One. Zipo pia Turris za CZ.NIC, shirika linalosimamia majina ya intaneti yanayoishia na .cz. GL.iNet nao wanatengeneza ruta ndogo za safarini zilizojengwa juu ya OpenWrt, wakaweka ukurasa wao wa mipangilio ulio rahisi kwa asiye fundi.

Kasoro zipo. OpenWrt One ina matundu mawili tu ya waya wa mtandao na inaishia Wi-Fi 6, kizazi kimoja nyuma ya Wi-Fi 7, kwa hiyo anayewinda kasi ya juu kabisa haitamfaa. Na tusidanganyane: hata kwenye ruta hizi, chipu ya redio kwa kawaida hubaki na kipande cha programu kilichofungwa. Uwazi wake si wa asilimia mia, ila unatosha kuifanya ruta isife kwa amri ya mtu.

2. Ya kawaida, lakini imo kwenye orodha ya OpenWrt

Kwa watu wengi hili ndilo chaguo la busara. Unanunua ruta ya kampuni inayojulikana iliyo kwenye orodha ya vifaa vinavyokubali OpenWrt, unatumia programu yake, na masasisho yakikoma unabandika OpenWrt.

Hapa soma namba ya toleo, usiishie kwenye jina la modeli. Hiyo hiyo WRT54G ilipofika toleo la 5, mwaka 2005, ilipunguziwa kumbukumbu na Linux ikaondolewa. Jina na boksi vilikuwa vilevile, lakini ndani mlikuwa na ruta nyingine. Wapenzi wa Linux walitengenezewa modeli yao, WRT54GL. Mchezo huu wa kubadilisha vya ndani bila kugusa jina bado upo sokoni, kwa hiyo linganisha kibandiko cha chini ya ruta na orodha hiyo ya OpenWrt kabla ya kulipa. Tafuta yenye angalau MB 16 za hifadhi na MB 128 za RAM. Chipu za Wi-Fi za Broadcom ziepuke ikiwa una nia ya kubadilisha programu, maana madereva yake huria, yaani programu za kuziendesha, ni hafifu.

Usiogope kwamba kubadilisha programu ni uhalifu. Mwaka 2016, TP-Link ilipomalizana na mdhibiti wa mawasiliano wa Marekani, FCC, kuhusu nguvu za mawimbi ya ruta zake, makubaliano yenyewe yaliitaka ifanye kazi na jamii ya programu huria ili programu za watu wengine ziweze kuwekwa. Dhamana ya kifaa ni suala jingine. Hiyo unaweza kuipoteza.

3. Iliyofungwa, yenye tarehe

Ikiwa huna muda wa kubandika chochote, nunua iliyofungwa lakini mtengenezaji awe ametaja masasisho ya usalama yataendelea hadi lini. Tangu Aprili 29, 2024, sheria ya Uingereza inalazimisha muda huo utajwe, kwa hiyo hata kama hukai huko, itafute modeli yako kwenye tovuti ya Uingereza ya kampuni iliyoitengeneza uisome tarehe. Hakikisha ina WPA3 (kinga mpya ya Wi-Fi) na IPv6 (mfumo mpya wa anwani za intaneti). Wi-Fi 7 isikuumize kichwa ikiwa simu zako hazina.

4. Seti za matawi zinazodai akaunti

Hizi ni zile za vipande viwili vitatu vya kusambaza nyumba nzima. Hufanya kazi vizuri sana, mpaka mwenye seva aizime. Nilikuwa na seti ya namna hiyo. Siku moja programu ya simu ikakataa kuingia, na sikuwa na njia nyingine hata ya kubadilisha nywila ya Wi-Fi yangu mwenyewe. Ukiitaka, chukua inayofuata EasyMesh, kiwango cha Wi-Fi Alliance cha mwaka 2018, uwe na nafasi ya kuongeza tawi la kampuni nyingine. Na iwe na ukurasa wa mipangilio unaofunguka bila akaunti.

5. Ya kukodi kutoka kampuni ya intaneti

Imekuwa ya mwisho kwa sababu ni dhahiri ufunguo wake ni wa kampuni. Kampuni nyingi huziendesha ruta hizi kwa mbali. Novemba 2016, ruta za wateja karibu 900,000 wa Deutsche Telekom ziliyumba baada ya shambulio lililolenga mlango huo wa kuziendesha kwa mbali. Mwaka huohuo, kuanzia Agosti 1, sheria ya Ujerumani iliwapa wateja haki ya kutumia ruta wanayoitaka. Kanuni ya Umoja wa Ulaya namba 2015/2120 nayo inatambua haki ya mtumiaji kuchagua kifaa chake.

Pale ambapo kampuni haikupi uchaguzi, iulize kama ruta yao inaweza kuwekwa katika hali ya daraja (bridge mode). Ikikubali, yao inabaki kuwa modemu tu, yaani ya kupokea intaneti na kuipitisha; zima Wi-Fi yake, kisha chomeka nyuma yake ruta kutoka namba 1 au 2.