Uzoefu wangu na wauguzi wa nyumbani hapa Bukavu: sindano kwa wakati, heshima hakuna

Ninaandika nikiwa bado na hasira, na sioni sababu ya kungoja ipoe, kwa maana mambo ya namna hii yakishapoa watu huyanyamazia, na huduma inaendelea vilevile kwa mama wa mtu mwingine. Huduma ninayoizungumzia ni ile ya wauguzi wanaolipwa ili waje nyumbani kumwangalia mgonjwa aliyetoka hospitali. Ofisi yao iko Ibanda, sisi tunakaa Cimpunda, yote ni sehemu za mji huu, na aliyekuwa mgonjwa ni mama yangu mzazi, mwenye umri wa zaidi ya miaka 80.

Mama aliteleza kwenye ngazi za udongo karibu na nyumba, wakati mvua ilipokuwa kali, akavunjika shingo ya mfupa wa paja. Alipasuliwa na mfupa ukafungwa kwa chuma. Kuhusu hospitali sina la kulalamika: siku iliyofuata upasuaji walikwisha kumkalisha ukingoni mwa kitanda, jinsi inavyotakiwa, kwa sababu mzee aliyevunjika nyonga akiachwa alale tu, damu inaganda miguuni, mapafu yanaugua na mwili unaanza kuoza mahali unapogandamizwa na godoro. Tulipomaliza kulipa, maana kila mtu hapa anajua kwamba bila kulipa mgonjwa haruhusiwi kutoka, walitupa karatasi yenye maagizo: sindano moja kila siku chini ya ngozi ya tumbo kwa muda wa mwezi hivi ili damu isigande, kumgeuza kila baada ya saa mbili anapokuwa amelala, kumsimamisha kila siku, na kumpa maji ya kutosha. Naomba msomaji akumbuke hilo la maji.

Gari la wagonjwa lilituacha pale barabara inapoishia. Kutoka hapo ni njia ya miguu, mteremko mtupu, na vijana wanne wa mtaani walimbeba mama juu ya kiti chenye mikono hadi mlangoni. Hawakusomea kazi hiyo, na malipo walikataa. Lakini kila walipofika penye ngazi, yule wa mbele alimwambia, "Mama, sasa tunashuka, utushike vizuri." Walisema naye mwenyewe, hawakusema na mimi.

Kazi ya sindano na ya kumwinua ilihitaji mtu mwenye ujuzi, ndiyo maana tuliwaita hao wa Ibanda. Walitaka malipo yatangulie, tena kwa dola. Tangu benki zilipofungwa hapa mjini mwaka 2025, fedha tunatoleana mkononi au kwa simu, kwa hiyo ndugu zangu walichanga na mimi nikapeleka noti. Mpokeaji alizigeuza moja moja kwenye mwanga wa dirisha, akakataa moja iliyochanika kidogo pembeni, nikarudi mjini kuibadilisha. Sikukasirika siku hiyo, kwa sababu hayo tumeyazoea. Hasira ilikuja baadaye, nilipogundua kwamba hakuna mtu wa ofisi ile aliyewahi kumkagua mama yangu kwa uangalifu kama ule.

Muuguzi waliyemleta kwanza ni msichana mwenye mkono mzuri, na hilo nalisema waziwazi. Alibana ngozi ya tumbo vidole viwili, akachoma taratibu, hakusugua mahali alipochoma, na leo akichoma kulia, kesho anachoma kushoto. Alipima shinikizo la damu akaandika kwenye fomu. Siku za mwanzo niliwaambia hata majirani kwamba tumepata watu wa kazi.

Kisha ikafika asubuhi moja. Mama alikuwa amepokea wageni, jirani amemletea chungu cha uji wa mahindi na soya, na wajukuu walikuwa mlangoni. Akaomba beseni la kujisaidia. Aliomba kwa sauti ya chini, kama mtu mzima anavyoomba jambo la aibu mbele ya watu. Yule muuguzi alikuwa akijaza fomu yake. Alishusha pumzi, akaweka kalamu, na badala ya kumjibu aliyemwomba akanigeukia mimi, kwa sauti ambayo jirani aliisikia vizuri: "Dada, mama huyu anakunywa maji mengi mno, ndiyo maana anatusumbua hivi. Mumvalishe nepi tu, kwa umri wake hata hatajua."

Mama aligeuza uso ukutani. Huyu ni mwanamke aliyetulea kwa kuuza sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani, sokoni Kadutu tangu tukiwa wadogo, aliyebeba beseni kichwani akipanda na kushuka milima hii na hakumwomba mtu msaada. Anakumbuka deni la kila mteja wake wa zamani. Ndiye aliyeambiwa kwamba hatajua.

Nilimwambia muuguzi kwamba maneno hayo hayasemwi nyumbani kwetu. Akanijibu kwamba amezoea wagonjwa, akamaliza fomu, akaondoka. Ningetaka jambo liishie hapo, lakini mama aliacha kunywa. Kikombe kilikaa kimejaa kando ya kitanda tangu asubuhi mpaka jioni. Ukimkaribia alilowanisha midomo tu na kusema amekwisha kunywa. Uji aliuonja vijiko viwili na kuusukuma. Mkojo ukawa mchache na wa rangi ya chai kali, ulimi ukakauka, na usiku akaanza kumwita dada yake aliyefariki zamani sana na kuuliza kama mbuzi wameingizwa ndani, wakati mbuzi hatujafuga tangu alipotoka kwao Walungu.

Mzee hahisi kiu kama kijana, hata akiwa mzima. Akikosa maji kwa siku chache tu, akili inavurugika, shinikizo la damu linashuka anaposimama na anaweza kuanguka tena, choo kinakuwa kigumu, na njia ya mkojo inapata maambukizi kwa urahisi. Mtu aliyesomea uuguzi anayajua haya kuliko mimi niliyejifunza kwa shida. Hata hivyo, nilipomwonyesha msichana yule ulimi wa mama na kumweleza habari za usiku, aliandika kwenye fomu, nami nikasoma kwa macho yangu: "Anachanganyikiwa. Uzee." Alama ya nukta, sahihi, tarehe. Uzee! Mama huyohuyo, siku alipotoka hospitali, aliwataja vijana wanne waliombeba kwa majina ya baba zao.

Tulimwita daktari wa kituo cha afya kilicho karibu. Alimtundikia maji ya mshipa, kisha akavuta kigoda akakaa usawa wa kichwa chake na kumuuliza yeye mwenyewe, wala si mimi, kwa nini hanywi. Mama alinyamaza kwa muda mrefu. Halafu akasema, "Sitaki kuvalishwa nepi mbele ya wajukuu wangu." Hata sasa ninapoyaandika maneno hayo mkono unanitetemeka kwa ghadhabu. Mama yangu alikuwa ameamua kukauka ili asimsumbue mtu tuliyemlipa.

Nilishuka Ibanda siku hiyohiyo. Mkuu wa huduma alinipokea kwa upole, akafungua faili na kunionyesha mistari. Sindano zote zimechomwa, shinikizo limepimwa kila siku, sahihi zipo. Akaniuliza ninadai nini hasa. Nilipomweleza, akasema kwamba muuguzi si mjukuu wa mgonjwa na kwamba familia zetu hukasirika haraka. Ningeandika maoni haya siku ile, yangekuwa mstari mmoja tu: msiwape hata franka moja.

Sikuandika, kwa sababu kesho yake walituma muuguzi mwingine, na hapo ndipo ninaposhindwa kuwalaani moja kwa moja. Ni mama wa makamo. Alifika mvua ikinyesha, ameacha pikipiki barabarani na kushuka kwa miguu, akavua viatu mlangoni, akamsalimu mama kwa Kimashi, lugha ya kwao, na kumuuliza kwao ni wapi, kisha akangoja jibu lote hadi mwisho, pamoja na habari za shamba na za mbuzi. Alinawa mikono. Kabla hajafunua shuka, aliomba ruhusa. Ndiye aliyeona doa jekundu kwenye kisigino cha mguu uliopasuliwa, ambalo hakuna aliyekuwa ameliandika kwenye fomu ile nzuri ya mkuu. Alilibonyeza kwa kidole akatuonyesha kwamba halibadiliki kuwa jeupe, akatueleza kwamba ndivyo kidonda cha kulala kinavyoanza, akaweka mto chini ya muundi ili kisigino kibaki hewani bila kugusa godoro. Baada ya siku chache doa lilififia.

Halafu akashughulikia jambo lenyewe. Aliwatuma wajukuu nje, akafunga kamba toka dirishani hadi mlangoni na kutundika kitenge juu yake, mama akapata chumba chake ndani ya chumba. Alituagiza tumwite seremala atoboe kiti kimoja cha mbao na kukilainisha ukingo, ndoo yenye kifuniko ikawekwa chini, na tangu hapo beseni halikuhitajika mchana. Kazi hiyo ilitugharimu kidogo sana kuliko siku moja ya huduma yao! Kisha akamimina maji vikombe viwili, kimoja akampa mama, kingine akanywa mwenyewe, wakinywa pamoja na kuzungumza. Mama alimaliza. Niliingia jikoni nikalia.

Fremu ya kutembelea tuliyoinunua ilikuwa juu mno. Alimsimamisha mama mikono ikining'inia, akashusha miguu ya fremu mpaka vishikio vikafika kwenye kifundo cha mkono, akamfundisha kusogeza fremu kwanza, halafu mguu mbaya, halafu mguu mzima. Muda si mrefu mama alikuwa anavuka kizingiti kwenda jikoni, akitaka kukaa kwenye kigoda chake karibu na mbabula, jiko letu la makaa, naye muuguzi akamkataza kwa heshima, kwa kuwa kigoda ni kifupi na nyonga iliyotoka kufungwa haimruhusu kuinuka kutoka chini vile. Alimletea kiti kirefu, mama akachambua sombe, majani ya muhogo, akiwa juu yake, akinung'unika lakini akitii. Nilikuwa tayari kufuta kila neno baya nililokuwa nimelisema juu ya huduma ile.

Basi wakamwondoa. Hawakutueleza mapema. Siku moja mlango uligongwa, na aliyesimama nje ni yule msichana wa kwanza na fomu zake. Nilipopiga simu, nikaambiwa kwamba muuguzi mkubwa amepelekwa kwa mteja wa Muhumba ambako gari linafika hadi uani, na kwamba tukimtaka yeye tuongeze malipo. Kwa hiyo walijua. Walijua ni yupi anayefaa kumhudumia mzee, wana bei yake, na sisi wa Cimpunda walituletea mwingine kwanza bila kutuambia kwamba kuna tofauti. Mlango sikuufungua zaidi. Sindano zilizobaki alizimalizia muuguzi wa kituo cha afya.

Najua kwamba wauguzi hawa wanalipwa kidogo na wanatembea sana, na yule msichana pengine hakuwahi kufundishwa na mtu yeyote namna ya kusema na mzee aliyelala. Kwa upande huo ningeweza kumhurumia, hasa nikikumbuka mkono wake mwepesi wa sindano. Lakini nikifika hapo namkumbuka mama ameelekea ukutani, na huruma inaniishia. "Ngoja kidogo, mama, nakuja" haigharimu mshahara wowote. Vijana waliombeba juu ya kiti walikuwa na heshima hiyo bila kulipwa.

Anayewahitaji kwa sindano tu, kwa mgonjwa kijana mwenye nguvu za kujibu, awaite, watafika kwa wakati. Anayemtoa mama au baba mzee hospitalini adai aandikiwe kwenye mkataba ni muuguzi gani atakayekuja na kwamba hatabadilishwa bila kuulizwa, amlete nyumbani asalimiane na mgonjwa kabla ya kulipa, na akae chumbani wakati mzee anapoomba beseni kwa mara ya kwanza. Wakikataa kuandika hivyo, asitoe fedha.

Mama anatembea sasa hadi kwa jirani kwa fremu yake, na mtungi wake wa maji anaujaza mwenyewe. Fedha za siku ambazo hawakutuhudumia bado ninawadai. Mkuu amesema malipo yaliyotangulia hayarudishwi, nami nimemjibu kwamba risiti ninayo, na kwamba nitashuka Ibanda tena juma hili.